Betri Nyingi za Sola Hufa kwa Njaa

Betri ya sola ya 100 Ah (ampea-saa 100) ikifungwa nyumbani na baada ya mwaka mmoja na nusu taa zikaanza kuzima saa tatu usiku, lawama ya kwanza humwangukia mwenye duka: kaniuzia feki. Betri feki zipo sokoni, hilo halina ubishi. Lakini ukifungua vifuniko vya betri nyingi za namna hiyo na kuingiza haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, unakuta habari nyingine: asidi imekuwa nyepesi kwenye seli zote sita, maji yako pale pale yalipokuwa siku ya kununuliwa, na sahani zimeanza kuweka weupe. Betri hiyo haikuwa feki. Tatizo ni kwamba haikuwahi kujaa. Imeishi na nusu chaji tangu ilipofungwa, na betri ya risasi na asidi haivumilii maisha hayo.

Nazungumzia zaidi betri za maji za volti 12, zile zinazofungwa na paneli moja au mbili kwenye nyumba ambazo nguzo za umeme hazijafika. Mengi yanahusu betri ya gari pia. Betri kavu, yaani zilizozibwa, zina masharti yake na nitayataja panapohitajika.

Ndani ya boksi kuna seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo. Kila seli ina sahani hasi za risasi tupu na sahani chanya za oksaidi ya risasi, zote zimezama kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji. Gaston Planté, Mfaransa, alitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika. Betri inapotoa umeme, salfeti iliyomo kwenye asidi inahamia kwenye sahani na kuwa salfeti ya risasi, na asidi inazidi kuwa nyepesi. Unapochaji, salfeti inatoka kwenye sahani na kurudi kwenye asidi, nayo inakuwa nzito tena.

Salfeti iliyotoka kutengenezwa ni laini na inarudi bila shida. Ikiachwa kwenye sahani kwa wiki kadhaa, chembe zake ndogo zinaungana na kuwa fuwele kubwa, ngumu, zisizopitisha umeme, ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi. Eneo la sahani lililofunikwa na fuwele hizo halifanyi kazi tena. Kila siku jua linapozama betri ikiwa haijajaa, kuna sehemu ya sahani inayoanza kufungwa namna hiyo.

Njaa yenyewe huanzia kwenye hesabu iliyofanywa siku ya kununua vifaa. Chukua nyumba yenye taa nne za LED za wati 5 zinazowaka saa tano, runinga ya wati 35 kwa saa nne kupitia inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa vyombo vya kawaida vya nyumbani), na simu tatu za kuchaji. Taa zinakula kama ampea-saa 8. Runinga, ukijumlisha kinachopotea kwenye inverta, inakula 14. Simu zinachukua karibu 4. Jumla ni ampea-saa 26 kwa siku. Betri ya risasi hairudishi kila unachoiwekea. Kwa betri nzima, kutoa 26 kunadai kurudisha karibu 30.

Sasa paneli. Paneli ya wati 80 kwenye jua kali inatoa kama ampea 4.5. Siku nzuri kwetu ina jua la nguvu kamili la takriban saa tano ukilijumlisha lote, kwa hiyo unapata ampea-saa 22, na vumbi na joto vikipunguza zinabaki kama 20. Kila siku nyumba hiyo inakopa ampea-saa 10 kwenye betri. Siku tano tu, nusu ya betri imekwenda. Halafu inakuja masika, au ukungu wa Njombe na Limuru mwezi wa saba, na betri inakaa chini mwezi mzima.

Kanuni inayotumika ni kwamba mkondo wa kuchaji usipungue asilimia 10 ya ukubwa wa betri. Betri ya 100 Ah inataka ampea 10, yaani paneli za jumla ya wati 180 hadi 200. Kwa betri ya maji, ampea 20 hivi bado ni salama. Asiye na uwezo wa kuongeza paneli apunguze matumizi, au anunue betri ndogo inayolingana na paneli aliyonayo. Kuna ushauri mbaya unaotolewa madukani mara kwa mara: umeme ukikuishia mapema, ongeza betri ya pili. Paneli ikibaki ile ile, hiyo ni kuongeza mdomo kwenye sahani ile ile ya ugali. Betri ya zamani iliyochoka nayo inaivuta ile mpya chini. Betri mpya na ya zamani zisiunganishwe pamoja, wala za ukubwa tofauti, wala ya maji na kavu.

Kuhusu chaji yenyewe, watu wengi wanaridhika taa ya kijani ikiwaka kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Betri hujaa kwa hatua. Kwanza inapokea mkondo wote uliopo hadi volti zifike karibu 14.4. Hapo imejaa kwa asilimia 80 hivi. Hatua ya pili inashikilia volti 14.4 hadi 14.8 kwa betri ya maji, mkondo ukipungua taratibu, na inachukua saa mbili, tatu, hata nne. Asilimia 20 hizi za mwisho ndizo zinazosafisha sahani, na ndizo zinazokosekana paneli ikiwa ndogo au mtu akiwasha pasi ya inverta saa nane mchana. Baada ya hapo kontrola inashuka hadi volti 13.5 au 13.8 za kuishikilia tu. Betri kavu ya jeli isizidishwe volti 14.2. Zile za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na pamba ya kioo, huenda hadi 14.4 au 14.7 kulingana na maandishi ya kiwandani. Ukizidisha kwenye betri kavu, unyevu unatoka kupitia valvu na hakuna namna ya kuurudisha.

Kontrola nyingi za bei nafuu zina kitufe cha kuchagua aina ya betri, mara nyingi b1, b2 na b3. Soma karatasi yake ujue ipi ni ya maji, kwa sababu mara nyingi hutoka dukani ikiwa imewekwa kwa betri iliyozibwa. Wakati wa kufunga, betri iunganishwe kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Kontrola inahitaji kuiona betri kwanza ili ijue iko kwenye mfumo wa volti 12 au 24. Kufungua ni kinyume chake.

Waya unaotoka kwenye kontrola kwenda kwenye betri unadharauliwa sana. Tuseme umetumia waya wa 1.5 mm² na betri iko mita tatu. Kwenda na kurudi ni mita sita, ukinzani wake ni kama omu 0.07. Mkondo wa ampea 5 ukipita, volti 0.35 zinapotea njiani. Kontrola inaona 14.4 na kuanza kupunguza chaji, kumbe kwenye vichwa vya betri kuna 14.05 tu. Jua la mchana linapotea hivyo kila siku bila mtu kuelewa. Weka kontrola karibu na betri, isizidi mita moja na nusu, na tumia waya wa 4 mm² au 6 mm². Kisha pima: malitimita (kifaa cha kupimia volti na ampea) kwenye terminali za kontrola, halafu kwenye vichwa vya betri vyenyewe, wakati inachaji. Tofauti ikizidi volti 0.1, tafuta waya mwembamba, skrubu iliyolegea au kutu ya kijani. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi inaleta kutu hiyo haraka kuliko bara. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kupikia, vifuniko vikiwa vimefungwa imara ili magadi yasiingie ndani, kausha, kaza, paka grisi au vaselini.

Inverta nayo ina lake. Huunganishwa moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa mno kwa kontrola, kwa hiyo ulinzi wa kontrola wa kukata betri ikishuka hauifikii. Inverta nyingi hujizima zenyewe kwenye volti 10.5 hivi. Hapo betri imeshakaushwa kabisa. Ukisubiri mlio wa inverta ndipo uzime runinga, umechelewa. Zima mwenyewe kipimo kikifika volti 12.0 runinga ikiwa inawaka. Na kati ya betri na inverta pawe na fyuzi, karibu na kichwa chanya, kwa sababu betri ya 100 Ah ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea na kuchoma nyumba.

Kupima betri kunataka subira. Volti zinazosomwa betri ikiwa inachaji au mara tu baada ya kuchaji zinadanganya. Tenganisha kila kitu, iache saa nne au zaidi, usiku kucha ni bora. Volti 12.65 kwenda juu ni betri iliyojaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, 11.8 ni tupu. Usiwe na mazoea ya kuvuka nusu. Betri inayotumika hadi nusu kila usiku inaishi muda mrefu zaidi kuliko ile inayokaushwa. Betri ya gari, kwa kuwa sahani zake ni nyembamba na zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, inaharibika baada ya kukaushwa makumi machache tu ya mara. Kuifunga kwenye sola ni hasara, hata bei yake ikivutia.

Haidromita ni bora kuliko malitimita kwa betri ya maji, na ni kifaa cha bei ndogo. Vuta asidi kutoka kila seli, shikilia kifaa wima, soma bila boya kugusa ukuta wa kioo, rudisha asidi kwenye seli ile ile uliyoitoa. Andika namba sita kwenye daftari. 1.265 hadi 1.280 imejaa, 1.225 ni robo tatu, 1.190 ni nusu, 1.155 ni robo, 1.120 tupu. Angalia pia maandishi ya kiwandani: baadhi ya betri za nchi za joto zinajazwa asidi ya 1.240, na hiyo ndiyo inakuwa kipimo chake cha kujaa. Usipime muda mfupi baada ya kuongeza maji. Maji yanaelea juu na haidromita itakuambia betri imekufa.

Namba hizo sita zinasema mengi. Zikiwa zote za chini na zinafanana, mfano 1.150 kwenye kila seli, betri ina njaa au imeshaota fuwele. Tano zikiwa 1.250 na moja 1.100, seli hiyo moja imekufa, mara nyingi kwa shoti: unga ulioporomoka kutoka kwenye sahani umejaa chini na kuunganisha chanya na hasi. Betri hiyo baada ya kupumzika inasoma volti 10.5 hivi badala ya 12.6. Kontrola inaendelea kuisukuma ikidhani haijajaa, na seli tano nzima zinachemka bila kukoma. Usiendelee kuichaji. Kwenye betri za kisasa zilizozibwa juu kwa plastiki, seli haibadilishwi.

Betri inayofika 14.4 ndani ya nusu saa ya jua, kisha jioni inaanguka mara tu runinga inapowashwa, imepoteza eneo kubwa la sahani. Haina pa kuweka chaji. Inayosoma 12.6 ikiwa imepumzika lakini inaanguka hadi volti 8 ukiipa mzigo mdogo inaweza kuwa na kiungo kilichokatika ndani, ila safisha vichwa kwanza kabla ya kuihukumu. Kwenye gari, volti wakati wa kupiga stata zisishuke chini ya 9.6, na injini ikiwaka altaneta (mashine ya gari ya kuchaji betri) itoe kati ya 13.8 na 14.7. Ikiwa altaneta ni nzima na betri inaisha gari likiegeshwa usiku mmoja, funga malitimita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, kati ya waya hasi na kichwa cha betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Zaidi ya miliampea 50 baada ya gari kutulia, kuna kitu kinaiba.

Hata unywaji wa maji ni kipimo. Seli zote zikinywa sana, volti za chaji ziko juu mno au betri iko kwenye joto kali, mfano chini ya bati bila dari. Seli moja ikinywa kuliko wenzake, hiyo inaelekea kufa. Na betri ya maji ya sola ambayo miezi sita haijapungua hata tone isikufurahishe. Kupungua kwa maji kidogo ni dalili ya kufika kwenye hatua ya mwisho ya chaji. Isiyopungua kabisa, mara nyingi haifiki huko.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma lebo, kwa sababu rafu moja huwa na chupa za asidi na chupa za maji zinazofanana. Maji ya bomba yana klorini inayokula sahani chanya, na ya visima vingi yana chuma kinachoifanya betri ijimalize yenyewe hata ikiwa haitumiki. Ongeza baada ya kuchaji, hadi sentimita moja juu ya sahani au kwenye mstari wa juu, kwa sababu asidi hupanda wakati wa chaji na ukijaza mapema itamwagika. Ila ukikuta sahani ziko wazi, ongeza kiasi cha kuzifunika tu, chaji, ndipo umalizie. Sehemu ya sahani iliyokaa hewani imeharibika na hairudi.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa mtaani wanalifanya, na linaua betri zilizokuwa zinaweza kupona: kumwaga asidi ya zamani na kujaza maji makali mapya, yaani asidi mpya. Haidromita inapanda papo hapo na mteja anaondoka na furaha. Salfeti iliyokosekana kwenye asidi bado iko kwenye sahani, haijaenda popote. Sasa asidi imezidi, na inatafuna sahani na vitenganishi vilivyo kati yake. Asidi huongezwa pale tu ilipomwagika betri ikianguka, basi. Vivyo hivyo betri kavu inayotobolewa juu na kujazwa maji: inaweza kuamka wiki chache, lakini valvu zimekwisha na gesi inatoka ovyo.

Betri yenye njaa ya miezi michache inaweza kuokolewa. Itoe kwenye mfumo, kwa sababu volti zitakazotumika zinaweza kuunguza taa na inverta. Ipeleke nje au kwenye kibaraza chenye hewa, hakikisha maji yamefunika sahani. Tumia chaja ya umeme au jenereta yenye uwezo wa kuweka mkondo mdogo, ampea 3 hadi 5 kwa betri ya 100 Ah, na uiruhusu ifike volti 15.5. Acha saa 24, hata 48. Gusa ubavu wake mara kwa mara. Ikifika joto la nyuzi 45, ambalo mkono unalisikia wazi, zima, ipoe, endelea. Pima seli zote kila saa ikielekea mwisho. Namba zikipanda kutoka 1.150 hadi 1.230 na zaidi, inapona. Zikigoma kusogea mara tatu mfululizo, umefika mwisho wake. Kwa betri nzima, chaji ya namna hii kwa saa mbili au tatu kila mwezi au miwili inachanganya asidi iliyojitenga, nzito chini na nyepesi juu, na kusawazisha seli. Betri kavu usiifanyie.

Kujua imebaki na uwezo gani, ijaze kabisa, ipumzishe, ifunge balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 60 inayokula karibu ampea 5, na uangalie saa hadi volti 10.5. Betri mpya ya 100 Ah inakwenda kama saa 20. Ikitoa saa 12, una betri ya 60 Ah na upange matumizi hivyo. Ichaji siku hiyo hiyo.

Joto nalo linakata umri: kila nyuzi 10 juu ya 25 zinapunguza maisha ya betri kwa takriban nusu. Chumba chenye kivuli na upepo, betri ikiwa juu ya ubao au hata sakafuni, ni sawa. Saruji hainyonyi chaji, hayo ni mambo ya maboksi ya zamani. Isikae chumba cha kulala. Inapochemka inatoa hidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inalipuka kwa cheche. Kibatari na sigara visisogee. Vua pete na saa, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho, vaa miwani. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Unapochanganya, asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji. Maji yakimiminwa kwenye asidi, yanachemka na kukurukia usoni.

Na betri iliyokufa kweli isipasuliwe nyumbani ili kuuza risasi peke yake. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeanza kupigania suala hilo baada ya mwanawe kuugua, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Iuze nzima, asidi ikiwa ndani na vifuniko vimefungwa, kwa mnunuzi mwenye kibali au duka linalokupunguzia bei ya betri mpya. Anayekuambia umwage asidi shimoni kwanza ndipo aipime kwenye mizani, tafuta mwingine.